Kupima Mwanga Chini ya Milima ya Upare

Upigaji picha ni kazi ya kupima mwanga kabla haujawa kazi ya kumiliki kamera, na ni maeneo machache ya Tanzania yanayomfundisha mwanafunzi jambo hilo kwa haraka kama wilaya ya Same, mkoani Kilimanjaro, ambako nyika kavu na msitu wa mawingu vimetenganishwa na mwendo wa saa chache tu wa gari. Mji wa Same umekaa kwenye tambarare yenye mwinuko usiofika mita 900 kutoka usawa wa bahari, katika upande wa milima ambao mawingu huufikia yakiwa yamekwisha kumwaga maji yake, kwa hiyo hupata mvua ya takribani milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, jua kali na vumbi jingi. Juu yake, katika safu ya Upare Kusini, kuna msitu wa Chome wenye kilele cha Shengena, kinachofikia mita 2,460 hivi, ambako ukungu unaweza kukaa mchana kutwa. Mwanafunzi anayepiga picha nzuri kando ya barabara kuu iendayo Moshi, kisha akapanda Chome na kupiga kwa vipimo vilevile, atarudi na picha nyeusi, na sababu za weusi huo ndizo misingi yenyewe ya fani hii.

Kamera, iwe ya bei gani, ni sanduku lenye giza na tundu dogo la kupitishia mwanga. Ibn al-Haytham, mwanazuoni aliyezaliwa Basra na kufariki Misri karibu na mwaka 1040, alieleza katika kitabu chake Kitab al-Manazir kwamba mwanga husafiri kwa mistari iliyonyooka, na majaribio yake ya chumba chenye giza yalionyesha kwamba mwanga unaopita kwenye tundu huchora upande wa pili sura ya kitu kinachotoa mwanga huo. Somo la fizikia la sekondari linaigusa kamera hiyo ya tundu, ingawa mara nyingi hubaki kuwa mchoro wa ubaoni, ilhali jaribio lake halihitaji fedha: chumba kinachotazama mlima kikizibwa madirisha kwa mablanketi saa tatu asubuhi, na tundu la ukubwa wa punje ya hindi likaachwa kwenye moja ya mablanketi hayo, mlima huonekana kwenye ukuta wa ndani, kichwa chini miguu juu, na mawingu yakitembea chini ya vilele. Kilichokuja baadaye ni namna ya kuifanya sura hiyo isifutike. Mwaka 1839 njia ya Mfaransa Louis Daguerre, iliyotumia bamba lililopakwa fedha, ilitangazwa mjini Paris. Ikafuata filamu, na leo mahali pa filamu pamechukuliwa na kihisi, yaani kibamba cha kielektroniki chenye mamilioni ya vidoa ambavyo kila kimoja hupima kiasi cha mwanga kilichokiangukia.

Kiasi hicho hutawaliwa na mambo matatu. La kwanza ni tundu la lenzi, ambalo huandikwa kwa namba zinazowachanganya wanafunzi wengi kwa kuwa namba ndogo huonyesha tundu kubwa. Mkanganyiko huondoka mtu akielewa kwamba namba hiyo ni kigawanyo: lenzi yenye umbali wa fokasi wa milimita 50, yaani umbali kati ya lenzi na mahali inapokusanya miale ya vitu vilivyo mbali sana, ikiwekwa namba 2 huwa na tundu la milimita 25, na ikiwekwa namba 16 huwa na tundu la milimita 3 na ushei. Mfuatano wa kawaida ni 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11 na 16, na kila hatua kuelekea namba kubwa hupunguza mwanga kwa nusu. Hatua hiyo wapiga picha huiita stopu. Jambo la pili ni shata, pazia linalofunguka na kufunga mbele ya kihisi kwa sehemu ya sekunde, kama vile 1/125 au 1/500. La tatu ni ISO, namba inayoeleza jinsi kamera inavyoukuza mwanga iliokwisha kuupata, kuanzia 100 na kupanda mara mbilimbili hadi 200, 400, 800 na kuendelea.

Uhusiano wa tundu na shata haupaswi kuwa mgeni kwa mtoto wa Kipare aliyekulia karibu na ndiva, yaani bwawa la asili la umwagiliaji ambalo hujazwa na kijito usiku na kufunguliwa asubuhi ili maji yateremke kwa mifereji hadi mashambani kwa zamu. Shamba moja linaweza kupata maji yaleyale kwa mlango mpana uliofunguliwa kwa muda mfupi au kwa mlango mwembamba uliofunguliwa kwa muda mrefu, na hesabu ya kamera ni hiyohiyo: shata ya 1/125 kwa tundu namba 8 huingiza mwanga sawa na 1/250 kwa namba 5.6, au 1/500 kwa namba 4. Zikipigwa picha tatu za kitu kilekile kwa vipimo hivyo vitatu, weupe na weusi wake utalingana, lakini picha hazitafanana. Tundu kubwa huacha sehemu nyembamba tu ya mandhari ikiwa kali, mbele na nyuma yake kukiwa na ukungu, na ndiyo maana hutumika kumtenga mtu na kelele ya duka au gari lililo nyuma yake; tundu dogo huufanya mkonge wa mbele na mlima wa mbali vionekane vikali kwa pamoja. Shata ya haraka huyagandisha matone ya maji yanayoruka kwenye mlango wa ndiva, na shata ya polepole, mathalani 1/8 kwa kamera iliyowekwa juu ya jiwe isitikisike, huyageuza maji hayo kuwa kitambaa cheupe. ISO nayo ina gharama yake, kwa kuwa ikipandishwa sana picha huota chembechembe mithili ya mchanga, hasa kwenye sehemu za giza. Kuchagua kati ya vipimo vinavyotoa mwanga sawa ndiko kupiga picha hasa, na mtu asiyeielewa hesabu hii, hata akinunua kamera ya mamilioni, atakuwa ameinunulia kamera nafasi ya kumwamulia.

Katika jua la wazi la Same, anga ikiwa haina wingu, kuna kipimo cha kukariri ambacho wapiga picha wa filamu walikitumia kabla kamera hazijawa na akili: tundu namba 16, na shata inayokaribiana na namba ya ISO, kwa mfano 1/125 kwa ISO 100. Chini ya kivuli cha mwembe mwanga hupungua takribani mara nane, kwa hiyo tundu hufunguliwa kwa stopu tatu hadi namba 5.6. Ni zoezi zuri kwa mwanafunzi kukisia kwanza vipimo, kuviandika kwenye daftari, kisha kutazama kamera yenyewe imependekeza nini.

Kamera yenyewe, hata hivyo, wengi hawana. Wanafunzi wengi wa sekondari hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, na kwa wengi kifaa cha kwanza ni simu janja ya mzazi au ya kaka wakati wa likizo. Simu nyingi zina tundu lisilobadilika, hivyo programu zake hucheza na shata na ISO pekee, na ule ukungu mzuri wa nyuma ya mtu hutengenezwa kwa hesabu za kompyuta badala ya lenzi, jambo linaloelezea kwa nini mara nyingine sikio au ncha ya kilemba hufutika pamoja na mandhari. Ufinyu huo si sababu ya kukata tamaa. Mohamed Amin, mpiga picha aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza akiwa mwanafunzi wa miaka 11 hivi kwa Box Brownie iliyokwisha kutumika, kamera ya sanduku ambayo haikuwa na mambo mengi ya kurekebisha kuliko simu ya leo. Kilichobaki mikononi mwa mwenye kamera kama hiyo ni mahali pa kusimama, upande wa kuelekea jua na wakati wa kubonyeza, na hayo matatu ndiyo yanayomchukua mwanafunzi muda mrefu zaidi kuyajua. Mwaka 1963 Amin alianzisha kampuni yake ya Camerapix mjini Dar es Salaam, na Oktoba 1984 picha zake za video za njaa ya Ethiopia, zilizorushwa na BBC pamoja na taarifa ya Michael Buerk, ziliishtua dunia nzima.

Somo gumu kuliko yote kwa anayejifunzia Same ni uso wa mtu. Kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kinatazama nini. Kimetengenezwa kudhani kwamba mandhari yoyote, ikichanganywa pamoja, ni ya kijivu cha kati, inayorudisha takribani asilimia 18 ya mwanga unaoiangukia. Dhana hiyo inafaa kwa majani na kwa barabara ya lami iliyochakaa, lakini humpotosha mpiga picha pale mwanafunzi mwenye ngozi nyeusi na shati jeupe la sare anaposimamishwa mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Kamera huona weupe mwingi, huogopa, hupunguza mwanga ili ukuta uwe kijivu, na uso huzama gizani hadi yakabaki meno na macho. Kinyume chake, uso huohuo ukijaza picha nzima bila kitu cheupe, kamera huona weusi mwingi, huongeza mwanga, na ngozi iliyokuwa inang'aa hutoka ikiwa na rangi ya majivu. Makosa yote mawili yanatokana na kifaa, na marekebisho ni jukumu la mtu.

Tatizo hili lina historia yake. Kwa miongo kadhaa ya karne ya 20, maabara za kusafishia picha za rangi zilirekebisha mitambo yao kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, ambazo kwa desturi ziliitwa Shirley, na rangi ya ngozi yake ndiyo iliyohesabiwa kuwa sahihi. Picha nyingi za harusi na za shule zilizopigwa Afrika Mashariki wakati huo, ambamo nyuso zimekuwa mabaka meusi yasiyo na mikunjo wala kivuli cha shavu, hazikuharibiwa na uzembe wa mpiga picha peke yake. Kihisi cha leo kimeboreshwa sana, lakini kipima mwanga bado kinadhani dunia ni kijivu.

Msimu wa mahafali ya kidato cha nne hulifanya jambo hili kuwa bayana. Sherehe hizo mara nyingi huangukia Septemba na Oktoba, na Same iko karibu digrii 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mapema Oktoba, kama ilivyo mapema Machi, jua la adhuhuri hupita moja kwa moja juu ya utosi. Mhitimu anayepigwa picha saa sita na nusu mchana katikati ya uwanja huwa na paji la uso linalowaka, mashimo meusi mahali pa macho, na kivuli cha pua kilichoangukia mdomoni. Hakuna kitufe cha kuondoa hali hiyo. Kinachofaa ni kumsogeza mhitimu hatua tano hadi kwenye ukingo wa ndani wa baraza au wa kivuli cha mti, uso wake ukitazama nje kwenye uwanja wenye mwanga, nyuma yake pakiwa na ukuta mweusi kidogo au vichaka. Ardhi nyekundu iliyopigwa na jua humrudishia mwanga wa joto kutoka chini, na macho hufunguka. Pasipo kivuli, rafiki anaweza kushika shuka jeupe usawa wa kiuno cha mhitimu, nje ya picha, ili liurushe mwanga kidevuni. Kwenye simu, kioo huguswa kwa kidole mahali uso unapoonekana ili fokasi na kipimo vichukuliwe hapo, kisha alama ya jua dogo inayojitokeza katika simu nyingi huburutwa juu au chini mpaka ngozi ionekane kama inavyoonekana kwa macho. Shati likipoteza mikunjo michache kwa weupe, si hasara kubwa. Picha huchunguzwa baadaye kwa kufungua maelezo yake, ambayo huonyesha shata na ISO zilizotumika, na daftari hujazwa.

Jua la kupendeza zaidi ni la asubuhi kabla ya saa mbili na la jioni baada ya saa kumi na moja, lakini karibu na ikweta jua huchomoza na kuzama karibu wima, hivyo muda huo hupita upesi kuliko unavyoelezwa katika vitabu vya Ulaya. Asubuhi za aina hiyo, anga ikiwa safi, Kilimanjaro huonekana kutoka tambarare za Same, na wengi hukimbilia kuupiga ule mlima wa mbali huku wakiipa kisogo milima iliyo jirani yao, ambayo mwanga wa pembeni huichonga korongo kwa korongo.

Chome humgeuzia mwanafunzi kibao. Ukungu ni mweupe, na kamera, kwa dhana yake ileile, huushusha uwe kijivu cha moshi, kwa hiyo hapa mwanga huongezwa kwa stopu moja au zaidi, kinyume cha silika ya anayeona kwamba mahali pana giza. Ndani ya msitu huo anaishi ndege mdogo wa kijani na manjano mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, ambaye wanasayansi humwita Zosterops winifredae na ambaye makazi yake yanayojulikana ni safu ya Upare Kusini pekee. Simu haitampata, na ni heri kulijua hilo mapema. Kuvuta kitu karibu kwa vidole juu ya kioo mara nyingi ni kuikata picha na kuikuza, bila kuongeza habari yoyote. Ndivyo ilivyo pia katika Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, iliyopandishwa hadhi mwaka 2008 na ambayo lango lake la Zange liko jirani na mji wa Same: faru weusi na mbwa mwitu wanaohifadhiwa humo huhitaji lenzi ndefu, ilhali ziara ya shule yenye simu mbili za walimu inaweza kurudi na picha nzuri za mbuyu, za nyayo kwenye vumbi na za wanafunzi wenyewe wakichungulia dirishani. Vumbi hilo, likitua kwenye lenzi, hupulizwa kwanza na kufutwa baadaye kwa kitambaa laini, kwa kuwa upindo wa shati husugua mchanga juu ya kioo.

Kuhusu mpangilio wa vitu ndani ya picha, kanuni inayofundishwa mno ni ya kuigawa picha katika theluthi na kuweka jambo kuu kwenye makutano ya mistari. Inasaidia kwa mwezi wa kwanza. Baada ya hapo, swali lenye manufaa zaidi ni nini kiondolewe, na jibu kwa kawaida ni kusogea karibu.

Mwanafunzi anayetafuta mada asiende mbali. Ndiva kama ile ya Manoo, katika eneo la Vudee na Bangalala, ina kila kitu: mwanga wa alfajiri juu ya maji yaliyotulia, mikono inayozibua mlango, mfereji, zamu, na mara nyingine ubishi kuhusu zamu. Lakini mtu hapigwi picha kama mbuyu. Salamu hutangulia, na maneno ya kawaida, "Shikamoo bibi, naomba nikupige picha," yakijibiwa kwa kutikisa kichwa, kamera hurudi mfukoni. Katika Upare ipo pia misitu ya mbari iitwayo mpungi na ile ya jando iitwayo mshitu, ambamo mgeni, na hata mwenyeji kijana, hapaswi kuingiza kamera kabla ya kuzungumza na wazee. Maeneo ya jeshi hayapigwi picha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeongeza uzito wa ridhaa, kwa kuwa picha inayomtambulisha mtu inaweza kuhesabiwa kuwa taarifa yake. Na kwa upande wa pili Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 huitambua picha ya kamera kuwa kazi inayolindwa, hata kama aliyeipiga ni mwanafunzi wa kidato cha pili.

Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, waliofungua vituo vyao Upare mwanzoni mwa karne ya 20, Mbaga ikiwa miongoni mwao, waliacha picha nyingi za milima hii, na baadhi zinatazamwa leo katika hifadhi ya kidijitali ya Chuo Kikuu cha Southern California nchini Marekani. Nyingi kati ya picha za namna hiyo zimepimwa vizuri mno kwa mwanga, kazi iliyofanywa kwa mabamba ya kioo na kamera nzito, lakini wengi wa waliomo wametambulishwa kwa kabila au kwa kazi yao tu, na wajukuu wao hawana njia ya kujua ni nani anayewatazama. Mwanafunzi wa Same ana uwezo wa kufanya vizuri zaidi ya hapo bila gharama kubwa. Mwishoni mwa likizo achague picha kumi, azichapishe kwenye studio ya mjini palepale panapopigwa picha za pasipoti, aandike nyuma ya kila moja kwa penseli jina la mtu, kijiji na tarehe, na nakala moja ampelekee aliyepigwa.